Kozi ya baridi kwa wanawake: mwalimu safi, lakini mtu wa vifaa hapana

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, acha niandike hivyo hivyo.

Ni ile kozi ya mwisho wa juma ya wanawake kujifunza kuishi nje wakati wa majira ya baridi: kutembea kwenye theluji, kuwasha moto kuni zikiwa na unyevu, kupima barafu ya ziwa, kulala hemani. Ratiba nzima iko kwenye tangazo lao, sina haja ya kuirudia. Mimi nina neno kuhusu mfuko wa kulalia, na majibu niliyopewa nilipouliza.

Jioni tulipogawiwa vifaa niliugeuza mfuko wangu nikasoma lebo. Ilikuwa na namba tatu: 5 chini ya sifuri, 12 chini ya sifuri, na 31 chini ya sifuri. Usiku ule ulitabiriwa kufika 11 chini ya sifuri. Nikamfuata kaka anayesimamia vifaa, kwa upole kabisa, nikamwambia namba ya kwanza ndiyo inayonihusu mimi, kwa hiyo naomba mfuko mzito zaidi au wa pili wa kuongezea juu. Hata lebo hakuitazama. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Dada, huo ni mfuko wa kumi na mbili, mimi mwenyewe nalalia huo huo. Nyinyi wanawake mnasikia baridi hata jua likiwaka. Vaa soksi za pili ulale." Kisha akamgeukia mwingine.

Wachache walicheka. Mimi nilihisi uso unawaka.

Sasa nieleze zile namba, maana hazikuandikwa kama pambo. Mifuko ya kulalia hupimwa kwa kanuni moja, zamani EN 13537 ya Ulaya, na tangu 2016 ISO 23537. Namba ya kwanza ni joto la starehe: mwanamke wa kawaida, kwa hesabu zao mwenye miaka 25, kilo 60 na urefu wa sentimita 160, analala amejilegeza bila kusumbuliwa na baridi. Namba ya pili ni kikomo: mwanamume wa kawaida, akiwa amejikunja, anaweza kulala kwa muda wa saa nane bila kuamshwa na baridi. Ya tatu ni ya hatari. Hapo mwanamke anaweza kukaa saa sita bila kufa kwa baridi, lakini vidole vinaweza kuganda. Kwa hiyo yule kaka alisema kweli kwamba yeye analala vizuri humo. Namba aliyoitaja ilipimwa kwa ajili ya mwili kama wake! Kozi ni ya wanawake watupu, na mifuko imechaguliwa kwa namba ya mwanamume. Niliyemwonyesha jambo hilo ndiye nikaambiwa ninadeka.

Na hizo soksi za pili ni ushauri mbaya. Soksi nene mbili zikibana mguu, damu haifiki vidoleni, na damu ndiyo inayobeba joto. Mtu wa vifaa anapaswa kulijua hilo kabla ya kujua kitu kingine chochote.

Usiku ulikuwa kama nilivyohofia. Nilitetemeka mpaka taya zikauma. Kutetemeka kwenyewe si kubaya, ndivyo misuli inavyotengeneza joto. Cha kuogopwa ni mtu aliyepoa akiacha kutetemeka huku maneno yanaanza kumkwama mdomoni. Nililijua hilo kwa sababu mwalimu alikuwa ametufundisha mchana ule ule, na nilikuwa nikijisikiliza gizani kama bado naongea vizuri. Hemani mwangu kulikuwa na binti mwembamba kuliko mimi, na yeye ndiye aliyenitia hofu zaidi. Nilimwita kila baada ya muda ili anijibu.

Aliyetuokoa ni mwalimu huyo huyo. Alipita usiku akitukagua hema kwa hema, akasikia sauti zetu, akarudi na chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri. Akatuambia tuziweke katikati ya mapaja, pale mishipa mikubwa inapopita. Akatuongezea godoro la povu chini, kwa kuwa ardhi yenye barafu hunyonya joto na manyoya ya ndani ya mfuko, yakibanwa na mwili unaoyalalia, hayakingi kitu. Akatupa mfuko wake wa akiba tuufunue juu yetu. Hakutuuliza kama kweli tunasikia baridi. Alishika mikono yetu, akatenda.

Na hapa ndipo naona ugumu wa kuwapa alama, kwa sababu mama huyu ni mwalimu wa kweli. Somo lake la barafu sitalisahau. Alitufanya kila mmoja atoboe mwenyewe na kupima mwenyewe, hakuna aliyeporwa kekee mkononi eti anachelewesha. Alitaka tujue kwa macho tofauti ya barafu angavu na ile nyeupe. Angavu yenye sentimita 10 inambeba mtu anayetembea, lakini nyeupe, iliyochanganyika na theluji, nguvu yake ni kama nusu tu. Halafu akaingia majini kwa makusudi, amevaa suti isiyopitisha maji na kamba kiunoni, akatuonyesha namna ya kutoka: geukia ulikotoka, maana barafu ile ilikubeba dakika moja iliyopita, piga miguu mpaka mwili ulale, chomeka vijiti vya chuma ujivute, kisha bingirika, usisimame. Alitufundisha hesabu ya moja, kumi, moja iliyoenezwa na Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada: dakika moja ya kutuliza pumzi, kama dakika kumi ambazo mikono bado inakutii, na kama saa moja kabla hujapoteza fahamu kwa kupoa. Mimi nilidhani mtu akitumbukia amekwisha palepale. Kujua kwamba nina dakika kumi kumeniondolea woga wa miaka.

Kwa somo hilo peke yake ningesema nendeni, tena mwende na dada zenu. Nilikuwa tayari kusema hivyo.

Lakini asubuhi, tulipokuwa tunarudisha vifaa, yule kaka aliuchukua mfuko wangu akaniambia: "Si umeamka mzima?"

Nimeamka mzima kwa sababu mtu mwingine alikesha akirekebisha kazi yake. Ndilo ninalotaka wenye kozi walielewe. Niliwaandikia, wakajibu kwa adabu kwamba mifuko yao yote imepimwa na inakidhi viwango. Najua imepimwa. Sikulalamika kuhusu vipimo, nimelalamika kwamba vipimo vipo, vimeshonwa ndani ya mfuko, na aliyekabidhiwa kazi ya kuvisoma anamcheka anayevisoma. Hilo sasa linanikera kuliko ile baridi yenyewe. Nilitaka kuwapa nyota nne. Nimeweka mbili, na zote mbili ni za mwalimu.

Kama bado unataka kwenda, na sitakulaumu, beba mfuko wako. Kama huna, kabla ya kulipa waulize namba ya starehe kwenye lebo ni ngapi, na usiku unatarajiwa kufika wapi. Wakikutajia namba ya pili, mtafute mwalimu yule afundishapo pengine.