Tochi ya gesi ya mkononi: inabrezi kweli au inapasha tu?

Wadau mambo vipi, leo niko na hii tochi ya gesi ya mkononi, ile ya kawaida kabisa unafunga juu ya mtungi mdogo unabonyeza inawaka, na swali mnaloniuliza kila siku ni eti inabrezi kweli, yaani inaunga vyuma kwa kuyeyushia rodi kwenye kiungo bila kuyeyusha vyuma vyenyewe, au ni ya kuchezea tu.

Moto wenyewe hauna shida. Propani, gesi ya humu mtungini, ikiwaka na hewa ya kawaida inafika digrii 1,900 na kitu, wakati kubrezi kunaanzia juu ya 450, chini ya hapo ni lehemu ile ya waya za redio. Shida ni wingi wa joto, ni sawa na kujaza pipa lililotoboka kwa kikombe, chuma kikiwa kinene joto linakimbia haraka kuliko unavyolimwaga.

Ona hapa. Bomba la shaba la milimita 15, nimelipiga msasa mpaka linang'aa, na rodi ya shaba yenye fosforasi, hii shaba kwa shaba haitaki hata fluksi, ile dawa ya kusafisha chuma ili rodi ishike. Naweka bomba mbele kidogo ya ncha ya ule moto wa bluu wa ndani, sio katikati yake, nazungusha nazungusha... haya imeanza wekundu wa giza, sasa ndo nagusisha rodi, umeona ilivyonyonywa? Imezunguka yenyewe! Bomba ndo linayeyusha rodi, sio tochi. Mi mara ya kwanza niliichoma rodi moja kwa moja, ikadondoka vidonge vidonge juu ya bomba, kugonga mezani tu vyote chini.

Alafu nikajaribu chuma bapa cha milimita 6, jamani. Dakika 10 nzima fluksi imekauka nyeupe haitaki kugeuka maji, mtungi umepoa mpaka unatoa jasho na moto unazidi kunywea. Nikazungushia matofali ya kuhimili moto ndo ikashika, tena upande mmoja. Na kwenye chuma usiweke ile rodi ya fosforasi, kiungo kinavunjika kama biskuti, tafuta ya silva na fluksi yake.

Bati la zinki achana nalo kabisa, ule moshi mweupe utakulaza na homa usiku. Na mtungi usiuinamishe kichwa chini, gesi inatoka ikiwa maji bado na moto unaruka wa manjano, nywele za mkono ninazo chache saa hii.

Kwa hiyo mabomba ya shaba, vitu vidogo vya brasi, nunua bila wasiwasi. Geti na fremu, hapana.

Ngoja nikate kiungo cha lile bomba la shaba na msumeno tuone ndani... safi, rodi imeingia mpaka mwisho, ila hapa kushoto kuna kitundu, ndo palepale nilipokuwa nimebana na koleo, limeninyonyea joto lote.