Skrubu ndogo ndiyo inayoamua krimu yako: mashine ya lita 100 kwa saa

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo mezani kuna mashine ya umeme ya kutenga krimu na maziwa. Mota na swichi mnazijua, tuziruke. Ninachotaka mkione ni hiki hapa juu ya bakuli: skrubu yenye tundu. Naipenda mno!

Bakuli likizunguka, maziwa yenye uzito zaidi yanasukumwa pembeni, mafuta mepesi yanabaki katikati na kutokea kwenye tundu hili. Kaza skrubu, tundu linasogea ndani zaidi, krimu inatoka nzito lakini chache. Legeza, inatoka nyingi na nyepesi. Pigeni hesabu: lita 10 za maziwa yenye mafuta asilimia 4 zina mafuta kama gramu 400. Ukitoa lita 1 ya krimu, ni karibu asilimia 40, hiyo pigia siagi. Ukitoa lita 2, ni asilimia 20, hiyo ya chai. Mafuta ni yale yale! Muuzaji akikwambia mashine yake inatoa krimu nyingi kuliko zote, muulize: ya asilimia ngapi?

Sasa tazameni mkono wangu. Umeme umezimwa, bakuli limesimama kabisa. Naingiza bisibisi, nazungusha robo tu. Hapo unajaribu na maziwa, unaangalia krimu, ndipo unaongeza robo nyingine. Ukikaza hadi mwisho, krimu inaziba tundu na mafuta yanaondoka na maziwa.

Nawasha. Bomba la maziwa bado limefungwa. Sikilizeni mlio... umetulia, kama dakika moja hivi. Sasa nafungua. Ukifungua mapema, maziwa yanapita bila kutengana. Yawe na joto la nyuzi 35 hadi 40, yamechujwa kwa kitambaa. Yakitoka kwenye friji, pasha kwanza, maana ya baridi huachia mafuta kwa shida. Yaliyoanza kuchacha usiyatie humu kabisa, yanaganda kati ya sahani, yale mabati membamba yaliyopangwa ndani ya bakuli.

Kinachonikera ni hii ringi ya mpira. Nyembamba mno! Ikikaa upande, au nati ikilegea, maziwa yanavuja chini ya bakuli na kushuka kwenye mota. Kwa bei hii wangeweka ringi ya akiba ndani ya boksi. Na bakuli ni la aluminiamu, kwa hiyo kuliosha kwa soda kostiki marufuku, inalila. La chuma cha pua ni ghali zaidi, ila kwa anayetenga maziwa kila siku ningesema ajikaze anunue hilo.

Mnaouliza kuhusu ya kuzungusha kwa mkono: kama umeme wenu ni wa kubahatisha, chukueni hiyo. Nyingi zina kengele inayolia mpaka kasi itoshe, ikinyamaza unafungua bomba. Video ijayo tunapiga siagi na kupika samli kwa krimu hii hii, jiungeni na chaneli msipitwe.

Kabla sijazima: mimina kikombe cha maziwa yaliyokwisha tengwa, yasukume krimu iliyobaki. Zima, usilishike bakuli, lisimame lenyewe. Kisha fungua sahani zote uoshe papo hapo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana mafuta yakikauka katikati, kesho bakuli litatetemeka.