Kundi la WhatsApp au barua ubaoni? Taarifa za chama kwa walimu wa Moshi

Swali hili halikosi kwenye vikao vya walimu: taarifa za Chama cha Walimu Tanzania (CWT) zipite WhatsApp, au barua ibandikwe ubaoni ofisi ya walimu?

Kwa kasi, WhatsApp haina mpinzani. Tangazo likitoka mjini saa mbili asubuhi, Marangu wanalisoma kabla ya chai ya saa nne. Barua husubiri mtu anayepanda Kibosho, na nauli yake lazima mtu ailipe. Ila bando nalo si bure. Mwalimu analinunua mwenyewe, juu ya ile asilimia 2 ya mshahara anayokatwa mwanachama wa CWT.

Kwenye uhakika ndipo mambo yanageuka. Barua ina muhuri, kumbukumbu namba na sahihi ya katibu. Kwenye kundi moja la walimu niliwahi kukuta tangazo la mkutano limezikwa chini ya salamu za Jumapili, kadi za michango ya harusi na sauti ya dakika nne ambayo sidhani kama kuna aliyeisikiliza. Mkutano ulikuwa jana yake.

Matunzo? Kundi linataka msimamizi mkali. Ubao unataka pini nne, na mwakilishi wa shule asiyesahau barua kwenye mkoba.

Mkiwa mjini na simu janja zenu, kundi ambalo viongozi pekee ndio wanatuma linatosha. Mkiwa na wazee wenye vitochi, barua ibaki. Mambo ya uchaguzi na makato, mimi nataka vyote: picha kundini, karatasi ubaoni.