Nukta, Vasivasi na Mbingu Isiyo na Buluu: Vitabu Vitatu vya Peter H. Reynolds

Vitabu vya picha vya kumwambia mtoto "unaweza" ni vingi, na vingi vina kasoro moja: vinamsifu mtoto mwanzo hadi mwisho bila kumpa la kufanya. Vitabu vitatu vya mwandishi na mchoraji Peter H. Reynolds, yaani The Dot (2003), Ish (2004) na Sky Color (2012), vimeukwepa mtego huo, ingawa havilingani. Mwenye fedha ya kimoja tu anunue The Dot. Mwenye mtoto anayekunjakunja michoro yake na kuitupa aanze na Ish.

Katika The Dot kipindi cha kuchora kimekwisha na karatasi ya Vashti bado ni tupu. Mwalimu anamwambia aweke alama tu, aone itamfikisha wapi. Vashti, kwa hasira, anaidunga karatasi kwa kalamu ya wino mzito. Mtazame mwalimu hapo. Hasemi "umechora vizuri". Anaiangalia karatasi, anamrudishia, anamwambia aandike jina lake. Wiki inayofuata nukta ile imetundikwa juu ya meza ya mwalimu, ndani ya fremu ya dhahabu yenye mapambo. Vashti anaguna: nukta bora kuliko ile anaiweza! Mtoto huyu hakubembelezwa, alichokozwa, na ndiyo maana hadithi inashika.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna kikwazo kimoja mapema. Mwalimu anatania kwamba karatasi tupu ni dubu wa barafu kwenye dhoruba ya theluji. Mtoto wa Tanga au Kisumu hacheki hapo, na ukianza kueleza theluji ni nini mzaha umeshakufa. Sema "yangeyange kwenye ukungu" uendelee.

Michoro ya kitabu hiki ilifanywa kwa rangi za maji, wino na chai. Ndiyo, chai, na jambo hilo linaigika jikoni. Loweka mifuko miwili ya majani kwenye robo kikombe cha maji ya moto kwa dakika kumi, iache ipoe, kisha paka kwa brashi. Isiwe na sukari, kwa sababu karatasi itanata na kuita sisimizi. Karatasi ya kawaida ya fotokopi hukunjamana ikilowa, hivyo tumia manila, au bandika kingo za karatasi mezani kwa utepe wa karatasi hadi ikauke kabisa.

Ukurasa mgumu kuuiga ni ule ambapo Vashti anapata nukta kwa kutoipaka: anapaka rangi pembeni na kuacha duara jeupe. Watoto wengi huharibu hapa kwa sababu brashi imejaa maji na rangi inatiririka hadi katikati. Dawa ni mshumaa mweupe. Mtoto asugue duara lote kwa mshumaa kwanza, halafu apake rangi juu; nta itaikataa.

Kila mwaka, karibu na Septemba 15, shule za nchi mbalimbali huadhimisha Siku ya Nukta iliyotokana na kitabu hiki, tangu mwaka 2009. Wazo ni zuri. Lakini mwalimu anayegawa makaratasi yenye duara lililokwisha chapwa ili watoto wapake ndani bila kutoka nje ya mstari, huyo kitabu hakukisoma. Gawa karatasi tupu.

Ish ndicho kigumu kukisoma kwa Kiswahili, na ndicho kinachonoga zaidi ukifaulu. Ramon anachora vasi ya maua, kaka yake Leon anamcheka, naye anaanza kukunja kila anachochora hadi anakata tamaa. Kumbe dada yake, Marisol, ameyaokota makaratasi na kuyabandika ukutani chumbani kwake. Ramon analalamika kwamba vasi ile haifanani na vasi, na jibu la Marisol linategemea kiambishi cha Kiingereza, "-ish" (yaani "inakaribia kuwa"), ambacho sisi hatuna. Tuna kitu kingine: tunarudia neno. Ugali wa majimaji, rangi ya kijanikijani, dawa yenye uchunguchungu. Basi mchoro ni vasivasi, mti ni mtimti, shairi ni shairishairi. Kuna hatari ndogo, kwamba kurudia neno kwetu huweza pia kumaanisha vitu vingi vilivyotawanyika, kwa hiyo tikisa kiganja unaposoma kama mtu anayesema "hivi hivi tu". Tafsiri ya "karibu na" au "kama" ni sahihi lakini inaua mchezo. Na mwishoni, pale hadithi zetu husema waliishi raha mustarehe, sema Ramon aliishi raharaha.

Sky Color ni dhaifu kuliko hivyo viwili. Marisol hapa tayari anajiamini, kwa hiyo hakuna cha kuvuka ila boksi la rangi lisilo na buluu wakati darasa linachora picha kubwa ya ukutani na yeye amejitolea kuchora mbingu. Kama somo la kuchanganya rangi, hata hivyo, ni kizuri. Kisome alasiri, mtoke nje saa kumi na mbili jioni mkitazama jua linavyozama, halafu mpe mtoto nyekundu, njano na nyeupe tu. Aongeze nyeupe kidogo kidogo, na asuuze brashi kila anapobadili rangi, la sivyo baada ya michanganyiko minne kila kitu kitafanana na tope.

Vyote vitatu vinawafaa watoto wa miaka minne hadi minane. Maneno kwa ukurasa ni machache, usiyakimbize; kurasa zenye picha tupu zipe sekunde kumi za ukimya. Weka karatasi na kalamu mezani kabla ya kufungua kitabu, na ukimaliza usimuulize mtoto amejifunza nini. Msogezee karatasi.