Kaseti Moja, Nakala Tatu: Onyesho la Dansi Lililorekodiwa Ukumbini Mtwara

Desemba 1986 marehemu mjomba wangu aliingia katika ukumbi mmoja hapa Mtwara mjini na redio kaseti yake ya mono, akaiweka juu ya meza na kuifunika kitenge, na bila kumwomba mtu yeyote ruhusa akairekodi bendi ya dansi iliyokuja kutoka Dar es Salaam kufuata fedha za msimu wa korosho. Kaseti hiyo ya dakika 90 ndiyo rekodi pekee ninayoijua ya usiku ule. Katika miaka miwili iliyopita nimeihamishia kwenye kompyuta mara tatu kwa mafundi watatu tofauti, na nakala nilizopata zinatofautiana kiasi kwamba mtu asiyejua angedhani ni maonyesho matatu. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya wenzangu wa kusini ambao bado wana kanda za namna hii makabatini, ambako unyevu wa pwani unaendelea kuzila.

Nakala ya kwanza niliifanyisha katika duka moja karibu na soko kuu kwa shilingi 5,000, nikaichukua siku hiyo hiyo. Kaseti ilichezwa kwenye redio ya kawaida, na waya ukatolewa kwenye tundu la hedifoni kwenda kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Tundu la maikrofoni hupokea mawimbi dhaifu, kwa hiyo kila tarumbeta zinapoingia sauti inapasuka, na mpasuko wa namna hiyo ukishaingia kwenye faili hakuna programu inayoweza kuuondoa kikamilifu. Juu ya hayo, faili lenyewe ni MP3 ya kilobiti 128, yaani sauti iliyobanwa na kupunguzwa, na redio ile ilikuwa ikienda mbio, hata mwimbaji akasikika kama kijana asiyebaleghe.

Nakala ya pili ilitoka Dar es Salaam kwa shilingi 40,000, na niliposikiliza mara ya kwanza niliipenda sana, kwa kuwa ule mvumo wa utepe unaosikika kama mvua ya mbali ulikuwa umetoweka kabisa. Niliposikiliza mara ya tatu nikaanza kuitafuta kayamba. Katika sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ya wimbo wa pili kayamba ndiyo inayobeba mwendo wote, lakini humu haimo, kwa sababu mchakacho wake na mvumo wa utepe vinakaa katika masafa yale yale ya juu, na programu iliyoagizwa kufuta kimoja imefuta vyote viwili. Matoazi yamebaki na mlio wa majimaji, kana kwamba yanapigwa ndani ya ndoo. Mama mmoja aliyekuwa karibu na meza, ambaye katika nakala ya kwanza, pamoja na ubovu wake wote, anasikika waziwazi akisema, “Haya, mpe nafasi mwenye solo!”, katika nakala hii amegeuka mnong'ono usio na maneno. Nilipomuuliza fundi, alinijibu kwamba swichi ya Dolby, mfumo wa deki wa kupunguza mvumo wa utepe, ilikuwa imewashwa. Redio ya mjomba haikuwa na mfumo huo, na kanda iliyorekodiwa bila Dolby ikichezwa kwa Dolby hupoteza sauti za juu hata kabla ya usafishaji kuanza.

Nakala ya tatu ilifanywa Lindi na mzee mmoja fundi redio, kwa shilingi 15,000, nami nilikaa naye kazi ikifanyika. Alianza kwa kusafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, akapeleka utepe mbele na kuurudisha nyuma mara moja ili ulegee, kisha akachukua bisibisi nyembamba na kuanza kuzungusha skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku kaseti inacheza. Alinieleza kwamba kichwa cha redio ya mjomba kilikuwa kimeinama kidogo kilipokuwa kinarekodi, na kichwa kinachosoma lazima kiiname vivyo hivyo, la sivyo sauti za juu zinafifia. Kwa muda sikusikia tofauti yoyote. Ghafla kayamba ikatokea, kavu na ya karibu, na nyuma yake nikasikia viti vinaburutwa sakafuni.

Jambo lililonishangaza zaidi ni mwendo. Redio ya mjomba ilitumia betri, na betri zinapoishiwa mota hupungua kasi, kwa hiyo kanda iliyorekodiwa hivyo ikichezwa kwa kasi sahihi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, sauti hupanda taratibu kadiri upande unavyokwenda. Upande wa pili wa kaseti yetu unapanda karibu nusu ya nusu toni. Ili kujua kasi halisi, mzee hakutaka kutegemea mngurumo wa umeme wa hezi 50 unaotoka kwenye amplifaya za bendi, kwani ukumbi ukiwa unaendeshwa kwa jenereta namba hiyo haiaminiki. Alifuata saksafoni, ambayo haiwezi kwenda mbali sana na kipimo chake cha sauti, akarekebisha kidogo kidogo hadi mwisho. Aliuacha mvumo wa utepe kama ulivyo. Mtu aliyezoea muziki wa simu atausikia kwanza huo, lakini baada ya dakika mbili sikio linauzoea na ukumbi unafunguka.

Nina malalamiko mawili tu kuhusu kazi yake. Hakuandika popote ametumia deki gani wala amerekebisha nini, nikalazimika kuyaandika mwenyewe pembeni ya faili, na nafasi ya kati ya pande mbili ameiunganisha bila kimya, ilhali pale wimbo umekatika. Faili alilonipa ni WAV ya biti 24, yaani sauti isiyobanwa, ambalo nimelihifadhi sehemu mbili. Anachukua wiki mbili, na kanda yenye ukungu anaisafisha kwanza kwa nyongeza ya shilingi 5,000. Mnaotoka Mtwara, msiiweke kaseti mbele ya kioo cha basi penye jua, ishikeni mkononi.