Modeli ya kinu cha maji cha kusokotea pamba: uzoefu wangu darasani, Iringa

Nafundisha historia sekondari hapa Iringa. Kila tunapofika Mapinduzi ya Viwanda, wanafunzi hukariri jina la Richard Arkwright na mwaka 1769 alipopata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya mashine yake ya kusokota pamba, wakaishia hapo. Ndiyo maana nilimwagiza fundi seremala wa hapa mjini anitengenezee modeli ya kiwanda chake cha Cromford, kijiji cha Derbyshire huko Uingereza, kwa shilingi 85,000.

Alinipa gurudumu la mbao lenye vikombe pembezoni, ekseli, mikanda, jozi tatu za rola na kijiti cha kusokotea.

Rola ndizo zilizonifurahisha kuliko vyote. Ukifungulia maji, gurudumu linageuka. Jozi ya mbele inazunguka haraka kuliko ya kati, na ya kati haraka kuliko ya nyuma. Pamba iliyochambuliwa vizuri ikipita humo inavutwa na kuwa nyembamba kabla haijasokotwa. Hapo darasa zima lilielewa kwa nini uzi wa Arkwright ulikuwa imara kiasi cha kufaa kwa mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Kabla yake wafumaji wa Uingereza walitandika mtande wa kitani, pamba wakaiweka kwenye mshindio tu, yaani nyuzi za upana.

Binti mmoja akauliza: kwa nini kijijini Derbyshire, si mjini? Nikafunga bomba, gurudumu likasimama, nikawaacha wajibizane wenyewe. Kiwanda hicho, kilichoanza 1771, kilitegemea kijito cha Bonsall na maji yaliyotoka kwenye handaki la kukausha migodi ya madini ya risasi. Maji ya handaki yalikuwa ya uvuguvugu, hivyo hayakuganda wakati wa baridi. Miaka ya 1840 handaki jingine lililochimbwa chini zaidi liliyavuta, na kazi ya kusokota pale ikadorora. Watoto waliokulia kando ya Ruaha Mdogo hawahitaji maelezo marefu. Wanajua mto wa Machi si mto wa Oktoba.

Kasoro ipo, na si ndogo. Ekseli ni ya paini, ikilowa inavimba na kukaza. Nililazimika kuitoa, kuipiga msasa na kuipaka mafuta. Mikanda nayo hulegea haraka.

Halafu modeli haina watu. Cromford iliajiri watoto wengi, na mashine zilisokota mchana na usiku kwa zamu za saa 12. Hilo nalieleza kwa mdomo, tena kwa kirefu, maana mwanafunzi akiona gurudumu zuri tu atadhani kiwanda kilijiendesha chenyewe.

Pamoja na hayo, fedha yangu haikupotea, na mwalimu mwenzangu wa fizikia ameshaanza kuiazima. Ukiagiza ya kwako, sisitiza ekseli ya mninga, mikanda ya akiba, na rola zisizofunikwa ili wa nyuma darasani nao waone.