Uzoefu wangu na alama fupi za PHP: ?? naipenda, ?-> naiogopa

Naandika PHP, lugha ya kutengenezea programu za wavuti, tangu enzi za toleo la 5, na kazi yangu karibu yote ni mifumo ya maduka: stoo, oda, ankara. Kila alama mpya ikiingia nasikia lawama ile ile, kwamba msimbo (maandishi ya programu) unageuka mafumbo. Mimi nimezitumia kazini, na siwezi kuzihukumu kwa pamoja.

?? ilikuja na PHP 7.0 mwaka 2015. Kabla yake, kusoma thamani ya fomu kulitaka isset($_POST['idadi']) ? $_POST['idadi'] : 1, ambapo isset huuliza kama thamani ipo. Jina lile lile mara mbili. Ukibadilisha la kwanza ukasahau la pili, umejitafutia mkesha. Sasa naandika $_POST['idadi'] ?? 1 na naisoma kwa sauti: idadi, isipokuwepo, basi 1. Ni fupi, na imeeleweka kuliko ile ndefu.

Ubaya ni kwamba inafanana na ?: iliyotangulia, ya tangu toleo la 5.3. Hiyo huitupa hata sifuri na kuweka thamani ya upande wa kulia. Niliwahi kuandika $salio ?: 10 kwenye ukurasa wa stoo, na bidhaa iliyokwisha ikaonekana zipo 10. Wateja wawili walilipia mzigo usiokuwepo. Mwenzangu aliyekagua msimbo ule naye alipita juu yake, kwa sababu jicho lilizoea alama ya kuuliza na halikutazama kilichoifuata.

Ila inayoninyima raha ni ?-> ya PHP 8.0, mwaka 2020. Tazama $oda?->mteja?->anwani?->mji. Zamani zingekuwa if (masharti ya "kama") tatu, na kila if ingemlazimisha mwandishi kuamua: oda isiyo na mteja tunaifanyaje? Alama hii inakuruhusu usijiulize. Kikikosekana kitu kimoja njiani, unapewa null, yaani "hakuna kitu", kimya kimya. Katika mfumo mmoja niliourithi, ankara zilitoka bila mji wa mteja kwa wiki kadhaa na logi (kumbukumbu ya makosa) ilikuwa safi. Tulipoziondoa alama zile, siku hiyo hiyo makosa yakajitokeza: oda za zamani zilikuwa za wateja waliokwisha kufutwa. Leo naikubali pale tu ambapo kukosekana ni jambo halali, mfano mteja asiye na anwani kwa kuwa huchukua mzigo dukani mwenyewe.

<=> haina neno. Ni ya kupanga orodha, unajifunza mara moja.

|> ya PHP 8.5, iliyotoka Novemba 2025, ndiyo imenishangaza. ucfirst(strtolower(trim($jina))), yaani ondoa nafasi za pembeni, weka herufi ndogo, kisha kuza herufi ya kwanza, husomwa kuanzia ndani kwenda nje, kinyume na tunavyosoma. Kwa alama mpya unaandika $jina |> trim(...) |> strtolower(...) |> ucfirst(...). Herufi zimeongezeka, lakini hatua zinafuatana kama zinavyotendeka. Hii nitaitumia sana.

Mwanafunzi mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo aliniuliza, "Kaka, hii ?? inaitwaje, niitafute?" Alikuwa amehangaika nayo asubuhi nzima, maana isset unaiandika kwenye Google ukapata jibu, alama mbili za kuuliza hujui hata uanzie wapi. Tangu siku hiyo nimeweka karatasi ukutani karibu na meza za wageni: kila alama tunayotumia, jina lake, na sentensi moja ya Kiswahili ya jinsi ya kuisoma.